Jiwe Lililolambwa

Mashine yangu ya kwanza ya kufulia iliuawa na mtoto wa dada yangu. Nasema hivi bila kinyongo, kinyongo kilishaisha, ila ni vizuri mjue tangu mwanzo ninamzungumzia mtu wa aina gani. Mimi ni dobi. Chumba cha mbele nina mashine mbili, pasi nzito na meza ndefu ya kukunjia. Uani nina kamba. Na chumba cha nyuma nilimpa huyo binti alipopata nafasi ya chuo katika mji huu, kwa sababu mama yake, dada yangu mkubwa, anaishi mbali. Wiki yake ya kwanza alitaka kuonyesha adabu, akafua nguo zake mwenyewe asinisumbue. Akatumbukiza suruali ya kazi na mifuko imejaa mawe. Mashine ilikoroma, ikagonga ukuta, ikanyamaza. Nilipoyatoa yale mawe moja moja na kumwuliza ni ya nini, hakuanza kwa kuomba msamaha. Alichukua moja, akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Ona, Mama mdogo, limetakata. Sasa ulanga, hizi chembe zinazometa, unaonekana vizuri." Msamaha ulikuja baadaye, na ulikuwa wa kweli, lakini ulanga ulitangulia. Siku hiyo nikamwita Kokoto, na mtaa mzima ukalipokea jina.

Kokoto anasoma jiolojia. Wateja wangu wakisikia hivyo masikio yanawasimama, maana kwao jiolojia ni dhahabu. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa, kila akileta mapazia yake lazima apenyeze neno: "Mwanangu, ukipata dalili usitutupe sisi jirani zako."

"Dhahabu siijui sana, mama," Kokoto alimjibu siku moja. "Mimi napenda matope na kutu."

Yule mama alinitazama kama mtu anayetoa pole msibani.

Lakini ni kweli anayapenda. Tangi langu la maji lilikuwa linatoa utando wa rangi ya chungwa, unaoteleza kama makamasi, na nilikuwa nimeupiga vita miaka yote kwa sababu unatia madoa kwenye mashuka meupe. Kokoto alipouona kwa mara ya kwanza alichutama mbele ya bomba, akauchota kwa kidole, akautazama kwa kile kioo kidogo cha kukuzia anachokivaa shingoni pale wenzake wanapovaa mkufu.

"Hawa ni bakteria, Mama mdogo. Wanakula chuma."

"Chuma cha nani?"

"Cha kwenye maji. Maji yanatoka chini ardhini yamebeba chuma kilichoyeyuka. Hawa wanakigeuza kutu, na katika kukigeuza wanapata nguvu ya kuishi."

"Basi waambie wakaishi kwenye tangi la jirani."

Hakuwaambia. Alitafuta pipa, akalijaza changarawe na mchanga kwa tabaka, akaniwekea bomba lenye matundu juu yake ili maji yaingie kwa kudondoka kama mvua na chuma kibaki humo kabla ya kufika tangini. Tangu siku hiyo mashuka yangu ni meupe hata hospitali wamesema. Utando wake aliuhamishia kwenye chupa ya jemu, akauweka dirishani kwake pamoja na mawe, na ole wako uiguse.

Kutembea naye kunahitaji subira. Barabara ya kwenda hospitali, ninakopeleka mashuka kwa mkokoteni, imekatwa kwenye kilima, na ubavu wa kilima umebaki wazi kama mkate uliokatwa. Mimi nilipita pale zaidi ya nusu ya umri wangu nikiona udongo. Yeye anasimama, mkokoteni unasimama, anaanza kunionyesha: mstari huu mweupe ni chini ya ziwa, huu mwekundu ni wakati ziwa lilipokauka, huu wa kijivu ni jivu la mlima uliolipuka mbali huko, jivu likapeperushwa hadi hapa. "Bonde letu lote limezama. Ardhi ilipasuka pande mbili, katikati ikashuka. Ule mgongo wa mlima ndio ukingo uliobaki juu." Anaongea kama mtu anayekuonyesha nyumba ya babu yake, hiki chumba cha fulani, hapa palikuwa na ngazi. Siku hizi hata nikiwa peke yangu macho yananipeleka kwenye ule mstari wa jivu, na nakasirika kidogo kwa kuwa hakuna aliyenionyesha nikiwa msichana.

Tabia yake moja tu ilinishinda, nayo ni kulamba. Kokoto akiokota jiwe, kitu cha kwanza ni ulimi. Nilimkaripia mpaka nikachoka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nikamwambia, lakini hawakusema jiwe linalambwa. Akanieleza kwamba jiwe kavu limejaa vumbi, chembe zake hazionekani. Ukililowesha linafunguka, unaona rangi na punje. Na udongo wa tope ukiutafuna kidogo kwa meno ya mbele, ukiwa laini kama siagi ni wa mfinyanzi, ukikwaruza una mchanga. Hayo aliwafundisha Profesa wao siku ya kwanza kabisa porini. Alisimama mbele ya darasa zima, mzee mwembamba mwenye kofia ya turubai, akalamba jiwe taratibu bila aibu, akasema kifaa cha kwanza cha mwanajiolojia kimo kinywani na hakihitaji betri. Darasa zima likalamba. Mpaka leo wanalamba, wamekuwa kama ndama kwenye chumvi.

Huyo Profesa ndiye mwenye maabara aliyoitaka Kokoto. Ni maabara ndogo, lakini kazi yake haifanywi kwingine kokote karibu: wanachunguza vijidudu vinavyoishi ndani ya miamba, mahali ambapo mimi na wewe tungesema hakuna uhai. Kila mwaka inachukua mhitimu mmoja. Mmoja tu. Wengine wote wanakwenda kupima udongo wa misingi ya majengo, kazi ya heshima, hata shemeji yangu alisema ingemfaa, lakini Kokoto aliitaka nafasi ile tangu mwaka wa kwanza kwa namna ambayo mimi sijawahi kutaka kitu. Anayechagua ni jopo la watahini watatu, Profesa akiwa mmoja wao, na wanachagua kwa kusikiliza wasilisho la mradi wa mwisho.

Mradi wake ulikuwa juu ya mawe meusi ya kule kwenye mgongo wa mlima. Mawe yenyewe ndani ni ya kijivu, ila nje yamevaa utando mweusi unaong'aa, mwembamba kuliko karatasi. Wataalamu wanabishana. Wengine wanasema utando umejengwa na vijidudu vinavyokusanya manganizi, madini ya rangi nyeusi, kutoka kwenye vumbi, wengine wanasema ni vumbi na umande tu, miaka mingi. Profesa yuko upande wa vijidudu, na jina alilonalo amelipata hapo. Katika ukumbi wa idara yao kuna picha yake kubwa, imewekwa kwenye fremu, aliyoipiga kwa hadubini: vijidudu vya duara vimeshikana kama shanga kwenye uzi, alivyovipata chini ya utando mweusi. Wageni wote wa chuo hupitishwa mbele ya picha hiyo.

Kokoto alipanda mgongoni na mwenzake wa darasa tunayemwita Mrefu, kijana ambaye akija kwangu huinama mlango usimgonge. Walivaa glavu. Patasi walizichoma kwa moto wa spiriti. Walirudi na vifurushi vya mawe, wakayasaga maabara, wakaweka unga wake kwenye zile sahani ndogo za kuoteshea vijidudu. Utaratibu wa Profesa unasema sahani zikae kwenye kabati lenye joto la kiasi cha mwili wa mtu. Kokoto akafuata utaratibu, lakini kwa ubishi wake akatenga sahani nyingine za mawe yale yale akaziacha mezani tu, kwa joto la chumba.

Siku ya pili alikuja mbio. Nilikuwa napiga pasi mashati ya sare, akanionyesha simu. Sahani moja ya kabatini ilikuwa imejaa vidoa vyeupe kama unga wa ngano umemwagika. Zingine zote tupu. Na chini ya hadubini, vile vidoa vilikuwa mnyororo wa shanga, sawasawa na picha ya Profesa.

"Umepata," nikasema. Sikuelewa alichopata, lakini niliona uso.

"Nimepata," akasema, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akacheka peke yake.

Chakula cha mchana tulikula anacheka. Halafu katikati ya tonge akaacha kucheka. Alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa.

"Hawa wana haraka sana," akasema.

"Akina nani?"

"Fikiria, Mama mdogo. Mtu anayeishi chini ya ngozi ya jiwe, maji anayapata kwa umande, chakula ni vumbi. Mtu huyo hawezi kuwa na haraka. Kwa nini huyu amejaza sahani siku moja, kwenye joto la mwili wa mtu?"

Nikamwambia ale. Hakula. Akampigia simu Mrefu palepale na kumwuliza jambo moja: lile jiwe kubwa la sahani hii, tuliloliokota mapema karibu na ufa, nilifanya nini nalo? Simu ilikuwa wazi, nikamsikia Mrefu akifikiri, kisha akicheka.

"Ulililamba, dada. Ulivua glavu kufunga kamba ya kiatu, ukaliokota, ukalilamba ukasema punje zake nzuri. Halafu ukavaa glavu ukaliweka kwenye mfuko."

Nilidhani atalia. Kazi ya mwaka mzima. Badala yake alinawa mikono, akaondoka kwenda chuo, akajipangusa ulimi kwa kijiti cha pamba, akakipaka kwenye sahani mpya, akaiweka kabatini. Kesho yake sahani ile ilikuwa imejaa vidoa vyeupe. Mnyororo wa shanga. Alirudi anaruka, nami nikamwuliza kama ana akili timamu, maana mtu akigundua kazi yake ni mate yake mwenyewe hapaswi kuruka.

"Lakini sasa najua," akasema. "Jana nilikuwa sijui."

Hapo ningeweza kumaliza hadithi. Angeitupa ile sampuli, angeeleza zilizobaki, angepata alama zake. Tatizo lilikuwa ukumbini. Siku hiyohiyo akitoka maabara alipita mbele ya picha ya Profesa kama alivyopita mara elfu, akasimama. Zile shanga. Ule utaratibu wa kabati la joto. Na yule mzee mwenye kofia ya turubai, aliyekuwa akilamba mawe kabla Kokoto hajazaliwa.

Aliponieleza nilizima pasi. Kuna mambo huwezi kuyasikiliza huku unapiga pasi, utaunguza nguo ya mtu.

"Kwa hiyo unataka kusema," nikamwambia polepole, "unataka kusimama mbele ya mwenye nafasi, siku anayogawa nafasi, umwambie picha yake ya ukumbini ni mate."

"Huenda ni mate. Sijapima."

"Mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Toa hiyo sampuli yako, sema ya kwako, kaa kimya na ya mkubwa wako. Ukishaingia maabara, baada ya miaka, ukiwa na meza yako, utamnong'oneza."

"Nikishaingia kwa kukaa kimya, Mama mdogo, nitakaa kimya siku zote. Nitakuwa nafanya kazi chini ya picha nisiyoiamini."

"Ukila na kipofu usimshike mkono."

"Yeye si kipofu. Ni mtu aliyenifundisha kutazama."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu nilimwogopea, na mimi nikiogopa huwa na ulimi mbaya. Nilimwambia kuwa dada yangu hakumtuma huku kuja kuwasahihisha wazee, na kwamba mdomo huponza kichwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba kilichomponza tayari ni mdomo wake, kwa kulilamba lile jiwe, basi acha mdomo huohuo ulipe. Akaenda kuanua nguo uani, ambayo ni kazi yangu, akazikunja zote vizuri. Ugomvi na mtu wa namna hiyo hauna faida.

Lakini adabu anayo. Alisema hawezi kumshtukiza mzee mbele ya watu, akaenda ofisini kwake kwanza. Yaliyotokea huko alinisimulia jioni. Alimwamkia, akakaribishwa kiti, akaeleza habari ya jiwe lake. Profesa alitabasamu, akasema hayo huwapata wote, toa sampuli hiyo uendelee. Ndipo Kokoto akasema, "Mwalimu, kuna jambo la pili, nalo ni gumu kwangu kulisema." Akalisema. Anasema tabasamu halikuondoka mara moja, lilififia kidogo kidogo kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Mzee akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Ile picha niliipiga miaka mingi iliyopita," akasema mwishowe. "Mwamba wenyewe ninao, kabatini."

"Ndiyo, mwalimu. Nisiseme basi? Au niseme?"

"Mimi ni mmoja wa watakaokuhoji. Siwezi kukuambia la kusema." Akafungua mlango. "Lete unachoweza kukitetea."

Niliposikia hivyo nilijua mambo yameharibika. Mtu mkubwa akikwambia lete unachoweza kukitetea, anakwambia nitakuonyesha. Kokoto yeye alielewa maneno kama yalivyotamkwa, akaenda kujiandaa kukitetea.

Siku ya wasilisho nilifunga duka asubuhi, jambo nisilolifanya hata nikiumwa. Koti lake nililipiga pasi mwenyewe, mikono, kola, mpaka likasimama lenyewe. Ukumbi mdogo wa idara una viti vya mbao vinavyopanda ngazi, feni inayolalamika, na projekta iliyochomekwa kwa waya uliofungwa utepe. Familia tunakaa nyuma. Mbele, nyuma ya meza moja, wamekaa watatu: Profesa, mhadhiri mmoja kijana aliyekuwa akitazama saa, na mama mmoja mtahini kutoka chuo kingine, mnene, wa sauti ndogo, mwenye miwani iliyoshuka puani. Kofia ya turubai ilikuwa mezani mbele ya Profesa. Hakunitazama, wala sikutaka anitazame.

Kokoto aliongea kama alivyokuwa akiongea barabarani kwenye kile kilima. Hakuwa na woga. Aliwaonyesha bonde lilivyozama na mgongo ulivyobaki, kwa nini mawe ya ubavu unaotazama jua yana utando mzito na ya upande wa pili hayana. Aliwaonyesha jiwe lililokatwa, kijivu ndani na ule uzi mweusi ukingoni. Kisha akaonyesha sahani yenye vidoa vyeupe, nami nikaona Profesa akiinua macho.

"Hii ndiyo sampuli yangu nzuri kuliko zote," Kokoto akasema, "nayo ni mate yangu."

Watu walicheka. Akangoja wamalize. Akaonyesha sahani ya ulimi wake kando ya ile ya kwanza, akaeleza alivyovua glavu, kamba ya kiatu, yote, bila kujipunguzia. Halafu akaonyesha zile sahani za ubishi wake, zilizokaa mezani bila kabati. Zilikuwa zimechukua wiki nyingi, na juu yake kulikuwa na nukta ndogo sana za kahawia, unahitaji kukodoa macho uzione. "Hizi ni za polepole. Zinakusanya manganizi, ndiyo maana zina rangi. Hizi nina imani nazo. Kama ndizo zilizojenga utando au zimeukuta umeshajengwa, sijui bado. Lakini zinaishi pale, na nilizipata kwa sababu ya kutofuata joto la kabati."

Yule mama mtahini akashusha kalamu. "Kabati la joto ni utaratibu wa idara hii, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na picha iliyo hapo ukumbini ilipatikana kwa utaratibu huohuo?"

"Ndiyo."

"Unasema nini, binti? Sema wazi."

Nilishika kiti cha mbele yangu. Nilimwomba Mungu ampe kikohozi.

"Nasema viumbe walio kwenye ile picha wanafanana na wa kinywani mwangu kuliko wanavyofanana na hawa wa kahawia," Kokoto akasema. "Kufanana si ushahidi. Mwamba wenyewe upo. Ukipimwa upya, sehemu ya ndani ambayo ulimi hauwezi kufika, tutajua. Mwalimu wangu ndiye aliyenifundisha kwamba jambo ambalo halijapimwa ni maoni. Haya ni maoni yangu, na ningependa kuyapima."

Yule mhadhiri kijana aliacha kutazama saa. Wote watatu walikuwa mezani, lakini ukumbi mzima ulimtazama mmoja.

Profesa alisukuma kiti nyuma, akasimama, akatoka. Hakuaga. Mlango ulijifunga nyuma yake taratibu, kwa ule mkono wa chuma unaouzuia usigonge, na ulichukua muda wake. Nikajisemea, basi. Nikaanza kupanga moyoni maneno ya kumwambia dada yangu. Kokoto alibaki amesimama pale mbele, mikono nyuma, kidevu juu, na koti nililolipiga pasi lilikuwa limemkaa vizuri ajabu. Ndipo nikaona kwamba simwonei huruma hata kidogo. Nilikuwa najivuna. Nilitaka kila mtu mle ndani ajue huyu ni wetu.

Mlango ulifunguliwa kwa mgongo. Profesa aliingia kinyumenyume kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba ile picha, fremu na kioo na vumbi la juu lisilofikiwa na mfagizi. Ilikuwa nzito kwake. Mrefu alishuka ngazi kumsaidia, mzee akakataa kwa kichwa. Akaileta mpaka kwenye meza ya Kokoto, akailaza kifudifudi juu ya karatasi zake.

"Nimelamba mawe miaka yangu yote," akasema, akihema. "Nimewafundisha mamia kulamba. Na siku niliyoiona hii nilifurahi mno, sikujiuliza kwa nini viumbe hawa wana haraka." Akajifuta mikono kwa leso. "Itakaa kwenye meza yako mpaka utakapomaliza kupima. Ikistahili kurudi ukutani, utairudisha wewe."

"Meza ipi, mwalimu?" Kokoto akauliza. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilitetemeka.

"Ile ya dirishani, maabara kwangu. Kama wenzangu hawana pingamizi."

Yule mama mtahini alikuwa ameshaanza kuandika. Mhadhiri kijana akatikisa kichwa kwamba hana. Mimi, niliyemwambia afunike kombe, nilisimama nikapiga makofi peke yangu kwenye ukumbi ule, mpaka wengine wakasimama nao.